Nilivyomwonea Wivu Mjane

Mimi ni mwanamke wa wivu, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mamangu alikuwa hivyo hivyo. Nyanyangu ndiye alikuwa mwisho: alimfukuza barazani mwanamke muuza mahamri kwa kuwa babu alimwambia, "Leo mahamri yako matamu." Lakini wao waliwaonea wivu wanawake wenye waume, au wanaotafuta. Mimi huku Toronto nilimwonea wivu mjane. Mumewe kaburini, yeye analala peke yake ghorofa mbili chini yangu, na mume wangu yu hai, anakoroma ubavuni mwangu. Kila aliyenijua aliniambia, shukuru Mungu. Nilishukuru. Nikishakunja msala, wivu uko palepale umenikalia.

Tulikuwa tukikaa Dixon Road, kwenye yale majengo marefu yaliyo karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege ikipita vikombe vinatetemeka kabatini. Jirani zetu wengi walikuwa Wasomali. Sisi wa Mombasa tulikuwa wachache, na wa bara wachache, lakini Kiswahili kilitukutanisha kwenye lifti, na humo ndimo mume wangu alimopata rafiki yake. Alikuwa mtu wa bara huyo, wa milimani huko, ambako mto ukijaa sana unakufika magotini. Na bado alikuwa baharia. Alifanya kazi kwenye meli ndogo ya kubeba chumvi, si chumvi ya kula, ile ya kumwaga barabarani theluji ikianguka ili magari yasiteleze. Meli yenyewe ilizunguka kwenye haya maziwa yao makubwa, ambayo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, tangu barafu ivunjike mpaka Desemba. Mpishi wao alipostaafu, rafiki akamvuta mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa akikaanga mayai kwenye hoteli moja ya wasafiri na kulichukia kila yai.

Sasa sikiliza kichekesho. Mume wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyekua bahari ikimtazama, hajui kuogelea. Mamake alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, akamharamishia maji. Yule wa milimani ndiye aliyejifunza kuogelea, tena hapa hapa Toronto, kwenye bwawa la manispaa kule North York, akapewa cheti, akakitundika sebuleni. Siku moja alimpeleka mume wangu naye akajifunze. Mume wangu aling'ang'ania ukingo wa bwawa saa nzima, watoto wadogo wakimpita na maboya yao mikononi. Aliporudi akasema maji yale yana dawa nyingi, yanamwasha. Hakwenda tena. Na alikuwa mnene, mnene kweli kweli, wala sikuwa nikimnyamazia. "Bwana we," nilikuwa nikimwambia, "utapita mlangoni kwa ubavu."

Meli ilizama Desemba, safari ya mwisho ya msimu. Ninayoyajua niliyasikia kwenye kikao cha uchunguzi, nimekaa nyuma ya mume wangu, yeye akijibu maswali kwa Kiingereza cha kuchagua maneno. Upepo ulikuwa mkali, na kila rasharasha iliyorukia meli iliganda hapo hapo. Barafu ikawa nzito upande mmoja, meli ikainama kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Wakaigonga barafu kwa nyundo, haikufaa kitu. Adhuhuri haijafika, meli ikalala. Mume wangu alikuwa na jaketi la kuokolea tangu asubuhi, amelivaa chini ya aproni kwa woga wake, na wenzake walikuwa wamemcheka. Maji yalimtoa kupitia mlango wa stoo pamoja na pipa tupu la plastiki la kuwekea viazi. Akalikumbatia. Rafiki yake alikuwa karibu naye. Boti la mpira lilikuwa limepinduliwa na upepo, likapelekwa mbali, naye akaogelea kulifuata, likamshinda, akarudi kwa mume wangu, akalifuata tena, akarudi.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Wangu hakutapatapa. Hakujua hata pa kuanzia. Alijikunyata juu ya pipa lake, magoti kifuani, akatulia. Daktari alinieleza baadaye kwamba kwenye maji ya baridi kama ile kuogelea ndiko kunakoumaliza mwili, na kwamba ule unene niliokuwa nikiusema ulimfaa kuliko blanketi. Helikopta ilipowafikia, mabaharia wote waliojua maji walikuwa wamekufa. Waliyemkuta na uhai ni mpishi. Hata yeye walimfunika uso kwanza, nyusi zake zikiwa barafu tupu, mpaka mmoja wao akaona pua inatoa mvuke.

Sisi huku hatukujua hayo. Televisheni ilisema hakuna aliyenusurika. Wanawake wakajaa nyumbani kwangu, wengine wameshika juzuu, wengine wanaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini, na mke wa rafiki akapanda juu kwangu kwa kuwa kwake hakukuwa na watu. Hawakujaaliwa mtoto wale. Tulikaa zulia moja, mgongo kwa mgongo. Siku ile tulikuwa sawa, na sikumwonea wivu hata chembe.

Simu ikalia. Nikabonyeza spika ili watu wote wasikie, maana masikio yangu sikuyaamini tena.

"Hallo, mamangu," ikasema sauti ya mwanamume. "Mimi ni mtu wa Lamu, nasukuma vitanda hapa hospitalini. Nimeitwa nitafsiri. Mumeo yuko hapa. Amepoa."

Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Na wakati huo huo, mwenzangu akaangua kilio, akajitupa chini. Kwetu pwani mgonjwa akipata nafuu husemwa amepoa. Kwao bara kinachopoa ni chai, ni uji, na ni maiti. Basi chumba kikagawanyika, huku vigelegele, huku kilio, neno ni lilo hilo moja.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza!" nikapiga kelele. "Ni mzima! Amepoa ni amepona!"

Akanyanyuka, akajifuta uso, akacheka, akanikumbatia kwa nguvu. Kisha akaikimbilia ile simu kwa mikono miwili. "Na wangu?" akauliza. "Wangu naye amepoa?"

Mtu wa Lamu akasema, "Mrudishie simu mwenye nyumba, mamangu."

Yule dada alikwenda mwenyewe hadi mji ule wa ziwani kuuchukua mwili wa mumewe, na huko akapita hospitalini kumwona wangu. Mazishi yalifanywa Toronto. Mume wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mikono imefungwa bendeji, maana alipoteza ncha za vidole. Akaomba aseme neno. Kanisa lilikuwa kimya, unasikia kipasha joto kikinguruma. Akasema, "Alikuwa karibu yangu. Mpaka sauti ilipomwishia, alikuwa akimwita mkewe."

Kanisa zima lililia, wanaume kwa wanawake. Mimi sikulia. Nilimtazama yule mjane katika nguo zake nyeusi, uso umevimba lakini macho makavu, na wivu ukanishika kooni kama mwiba wa samaki. Huyu ameitwa. Mbele ya Mungu na mauti, mume wake amemwita yeye. Je, wangu alimwita nani?

Nilingoja apone. Nilingoja mpaka akaweza kushika kijiko mwenyewe. Kisha nikamuuliza, tukiwa mezani.

"Baba watoto, kule majini, ulinikumbuka?"

"Nilikuwa na baridi," akasema.

"Najua ulikuwa na baridi. Nakuuliza, ulinikumbuka?"

Akatafuna kwa muda. "Niliacha maharagwe motoni," akasema. "Nikawa nawaza yataungua."

Maharagwe! Salaale! Mimi nimemzalia watoto, nimemfuata mpaka nchi ambayo pua yako inaganda ukienda kununua mkate, na siku roho inamtoka anawaza maharagwe! Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza. Akakaa pale, ameweka mikono yake ile mibovu juu ya meza.

Tangu hapo akawa mtu wa kunyamaza kwangu, na wa kwenda kwa mjane. Kila Jumamosi mchana anavaa ndara, anashuka ghorofa mbili. Mara taa imeungua, mara bomba linavuja, mara hakuna sababu yoyote, anashuka tu. Anakaa mpaka alasiri. Akirudi ni mzito, hataki chai, hataki mtu amguse. Kwangu mimi hakuwa na hadithi ya majini hata kidogo. Watu wa magazeti walikuja, imamu alimwalika, wachungaji walimwalika, wote aliwapa maneno yale yale mafupi. Lakini saa nzima, saa mbili, alikuwa akizungumza nini na mwanamke yule?

Wanawake wa jengo letu hawakuniacha nipumue. Mmoja wa kwetu, mwenye ulimi kama wembe, alinikuta chumba cha kufulia. "Wewe una bahati shoga," akaniambia huku anakunja mashuka. "Mke mwenzio hutahitaji hata koti kumtembelea. Ni kubonyeza lifti tu."

Nilicheka. Nilifika nyumbani nikavunja sahani. Maana ndilo jambo lenyewe nililokuwa naliogopa, na halikuwa la mzaha. Dini yetu inamruhusu. Watu wangemsifu: kamstiri mjane wa rafiki yake, mwanamume huyo! Na mimi ningesema nini? Maji ya kuganda hayakumchukua, halafu achukuliwe na mwanamke wa ghorofa ya tisa mwenye miguu myembamba?

Nikawa ninanusa sweta zake. Zilinuka chapati za kwake na mafuta ya kujipaka ya nazi, yale ya kopo. Nikamtuma binti yangu akaazime sukari, akatazame wanafanya nini. Akarudi, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao watoto wa huku, kwamba hawafanyi kitu, wamekaa tu, yule mama anauliza na baba anatazama chini. "Anauliza nini?" Akapandisha mabega, akaingia chumbani kwake.

Nikamkabili mume wangu. "Unataka kumwoa?"

"Yarabi, mwanamke wewe!"

"Hilo si jibu. Kama hutaki kumwoa, acha kwenda."

"Nitaacha siku atakapoacha kuniuliza," akasema.

"Anakuuliza nini?"

Akavuta kofia yake, akatoka nje kwenye theluji bila koti, akasimama kwenye maegesho ya magari kama kijana aliyefukuzwa. Nilimtazama kutoka dirishani. Nilitaka kumhurumia, lakini wivu hauna nafasi ya kukaa na mwingine.

Mambo yakaenda hivyo mwaka wa kwanza, wa pili. Februari ya mwaka wa tatu, Jumamosi moja, mume wangu aliitwa kazini kwa dharura. Alikuwa sasa akipika kwenye nyumba ya wazee. Kabla hajatoka akaniambia, "Mpigie simu, mwambie leo sitakuja." Anitume mimi! Nimpelekee salamu kwa ulimi wangu! Nikasema, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Sikupiga simu. Nilijifunga leso kiunoni, lifti ilikuwa mbovu, nikashuka kwa ngazi, na kila kidato nilikuwa nikipanga matusi.

Alifungua mlango akiwa amejitanda shali. Nyumba yake ilikuwa safi na ya baridi. Ukutani kulikuwa na kile cheti cha kuogelea, chini yake picha ya mumewe. Juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili, na chapati zimefunikwa kitambaa. Zile chapati ndizo zilizonimaliza.

"Mume wangu hayuko leo," nikasema hata sijaketi. "Nimekuja mimi. Nataka uniambie, mwanamke kwa mwanamke, wewe na yeye mna nini?"

Nilidhani atashtuka, au atanitukana, tumalizane. Lakini alinitazama kama mtu aliyeona gari la wagonjwa linafika.

"Aki afadhali umekuja wewe," akasema. "Kaa, dadangu. Mimi nimechoka kumuuliza shemeji, hataki kuniambia. Wewe ni mtu wa pwani, unajua watu wenu. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Kikuba ni nani?"

Nilivuta kiti, nikakaa. "Nani?"

"Kikuba. Siku ile nilienda hospitali kuchukua bwana yangu, niliingia kwa shemeji, nikamuuliza, alisema nini mwisho? Shemeji hata hakuwa amerudi vizuri, macho yalikuwa inazunguka. Akaniambia, alikuwa anaita Kikuba changu, Kikuba changu, mpaka sauti ikaisha. Halafu kanisani akasimama akasema alikuwa anaita mkewe. Lakini mimi siitwi Kikuba! Bwana yangu alikuwa ananiita kwa lugha ya kwetu, maisha yote. Kwa hivyo kulikuwa na mwingine. Kila Jumamosi namuuliza, huyo Kikuba ni mwanamke gani? Anakaa wapi? Ako na mtoto wa bwana yangu? Yeye anaangalia chini tu, anasema nimesahau, nilisikia vibaya, wacha hiyo maneno. Miaka tatu, dadangu. Hata kumlilia siwezi kumlilia vizuri, juu ya vile nimemkasirikia."

Akaanza kulia, kilio cha hasira, na mimi nimekaa pale na leso yangu kiunoni.

Kikuba si mtu. Kikuba ni asumini na rehani na majani ya mkadi, yanafungwa pamoja kwa uzi, yanatiwa tone la marashi, na mwanamke anakichomeka nyweleni au kifuani akienda kwa mumewe. Watu wa bara hawakijui. Nyanyangu alinifungia changu siku ya harusi. Fungate ilipokwisha mume wangu alikichukua, akakitia mfuko wa shati, juu ya moyo, akaenda nacho kazini mpaka kikakauka kikawa unga. Tangu siku hiyo jina langu likawa hilo. Kikuba changu, njoo. Kikuba changu, umelala? Aliniita hivyo mpaka tulipopanda ndege. Huku hakuna asumini, kuna zamu za kazi na watoto wa kuvishwa mabuti, na jina likakauka nalo, nikawa mama watoto. Nilidhani amelisahau. Nilikuwa nimekaribia kulisahau mimi mwenyewe.

Na mtu anayekufa haiti kwa lugha ya jirani. Mtu wa milimani, ambaye hajapata kukiona kikuba kwa macho, hangelitoa neno lile kinywani maji yakiwa shingoni. Sauti ile ilikuwa ya mume wangu. Labda baridi ilimchanganya, akajisikia mwenyewe akadhani ni mwenzake. Labda alimwonea huruma mjane, akatafuta cha kumpa, akakuta hana kingine. Sijui, mpaka leo sijamuuliza. Nilichojua pale kwenye kile kiti ni kwamba niliitwa mimi. Na alipoona alichokifanya, alinyamaza miaka yote ile, kwa kuwa kumweleza mjane maana ya neno ni kumpa kabisa, na halikuwa neno lake peke yake.

Furaha ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Na juu ya furaha, wivu, mkubwa kuliko ule wote wa Jumamosi zote: jina langu lilikuwa kwa mwanamke mwingine, na yeye hata hakulitaka. Ulimi ulikuwa tayari. Kikuba ni mimi, dada. Nipe changu.

Lakini nikilichukua, mumewe amekufa bila kumwita mtu.

"Si mwanamke," nikasema. "Jifute machozi. Hakuna mwanamke yeyote." Nikamweleza asumini, nikamweleza rehani na uzi, nikamwonyesha kifuani kinapokaa. "Kwetu, mume akimpenda mkewe sana humwita hivyo. Melini walikuwa wakifundishana maneno, si unajua wanaume wakiwa na kazi ya kungoja tu. Mumeo alilipenda hilo, akakuwekea. Kikuba ni wewe."

Alifunika uso kwa shali. Alilia tena, lakini kilio kingine, kile tulichokisubiri siku ya mazishi na hatukukisikia. Nikamshika mgongo. Alipotulia akaitazama ile picha ukutani, akalijaribu neno polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Kikuba," akasema. "Kikuba changu." Akacheka kidogo. Kila alipolitaja nilisikia mtu ananivua kitu mwilini, na sikuweza kumwambia anyamaze.

Akanimiminia chai. Akanifunulia chapati. Kisha akanitazama kwa macho yale mekundu, ya upole sasa, ya mtu aliyeshiba.

"Na wewe," akaniuliza, "shemeji hukuita hivyo pia?"

"Mimi?" nikasema. "Hajaniita hivyo hata siku moja."